Makaa Yaliyojifunza Kulala

Chikondi na Esperance, wadogo zangu wa kazi, mmeniomba niandike kabla sijasahau. Bado sisahau kitu isipokuwa miwani, lakini nimekubali kwa sababu nimestaafu na mikono haijazoea kukaa bure. Mezani nimewaachia msumeno, sahani za kusugulia, hadubini, na kile kiti chenye mguu mmoja mfupi. Msikitengeneze, kimefundisha watu wengi kukaa wima. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini waulizeni wengine, wapo wanaozihifadhi vizuri kuliko mimi. Mimi nitawasimulia nilivyoingia kazini, mzee aliyenifundisha, na masanduku ya makaa ya mawe ambayo nusura yanirudishe kambini Dzaleka jumla.

Mnanijua kama Mama Aline wa maabara, lakini nilifika Malawi nikiwa mshonaji. Kwetu ni Bukavu. Huko nilimaliza sekondari katika mchepuo wa biolojia na kemia, nikafikiri nitaendelea, vita vikafikiri vingine. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa tumeshafika kambini Dzaleka, mimi, mume wangu na binti yetu Aline. Nilipata cherehani ya kukanyaga nikaiweka kwenye baraza la duka karibu na soko. Nilishona sare za shule, makoti ya kwaya, na kupanua suruali za wanaume ambao wote walidai kwamba kitambaa ndicho kilichorudi.

Siku moja gari la maabara yetu hii ya mawe lilisimama sokoni likitoka upande wa Dowa. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, amebeba mfuko wa turubai uliopasuka, ndani yake mawe. Huyo ndiye Mzee Kaonga. Alikuwa mtu wa Karonga, na kwa kuwa kwao ni karibu na mpaka wa Tanzania, Kiswahili alikizungumza tangu utotoni. Aliniomba niushone ule mfuko. Kabla ya kuuweka kwenye cherehani niliupapasa kwa kidole gumba, huku na huku, kama mama yangu alivyonizoesha.

“Unatafuta nini, mama?” aliuliza.

“Natafuta fasi kitambaa inavutika. Nikishona kinyume, mufuko itapasuka tena,” nilimjibu kwa Kiswahili cha Bukavu, ambamo fasi ni mahali.

“Na kidole kinakwambia?”

“Njo kinaniambia. Macho inadanganya. Kitambaa ikiwa mupya, kwa macho inaonekana sawa fasi zote.”

Alikaa kwenye benchi la wateja akanitazama mpaka nilipomaliza, akasema zikomo, yaani asante, akaondoka na mawe yake. Nilidhani ni mzee mpweke anayependa kuona watu wakifanya kazi. Baada ya wiki kadhaa alirudi akiwa na mwenye maabara, Bwana Mbewe, mtu mnene wa haraka haraka, aliyeniuliza kwa Kifaransa kibovu kama naweza kusugua jiwe. Nikamjibu kwa Chichewa kibovu kwamba sijawahi. Mzee Kaonga akamwambia, “Ndiyo maana namtaka. Hana la kusahau kwanza.”

Mkimbizi haruhusiwi kukaa mjini anavyotaka, hilo mnalijua. Bwana Mbewe alizunguka kwenye ofisi mpaka nikapata kibali cha kuishi Lilongwe siku za kazi, kwa muda ambao meza ya kusugulia mawe ingenihitaji. Kibali kilishikamana na meza hiyo. Meza ikifungwa, na mimi narudi kambini. Nilipanga chumba mtaa wa Area 36, pembeni ya soko, na kila Ijumaa jioni nilipanda gari hadi njia panda ya Dzaleka, halafu kabaza, baiskeli ile ya kubeba abiria, mpaka mlangoni kwetu.

Siku zangu za kwanza maabarani, kule mtaa wa Area 47, sikugusa jiwe hata moja. Niliosha. Niliosha sahani za kioo, niliosha beseni, niliosha mikono yangu mpaka ngozi ikawa kama ya mtoto aliyesahauliwa mtoni. Mzee Kaonga alikuwa na unga wa kusugulia wa aina nyingi, kuanzia unaokwaruza kama mchanga hadi ule laini unaodhani ni maziwa ya unga. Punje moja tu ya unga mkali ikiingia kwenye sahani ya unga laini, kazi ya siku nzima inapata mkwaruzo, na mkwaruzo huo ukiwekwa chini ya hadubini unaonekana mpana kama barabara ya kwenda Salima. Kwa hiyo kila unga ulikuwa na beseni lake, kitambaa chake na aproni yake. Mlipoanza kazi mlinicheka kwa kubadilisha aproni mara nyingi kuliko bibi harusi. Sasa mnabadilisha wenyewe, nimewaona.

Baada ya kuosha nikafundishwa kazi yenyewe. Unachukua vipande vya makaa ya mawe, unavipanga ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, unamimina gundi ya resini, unaacha ikauke iwe ngumu. Unatoa kile kidonge, unakikata kwa msumeno, halafu unasugua uso wake kwa unga mkali, wa kati, laini, laini zaidi, na mwisho kwenye kitambaa kinachozunguka, mpaka uso unang'aa kama kioo. Kimaandishi ni rahisi. Lakini makaa ni kitu chenye hasira. Mengine hufyonza maji yakavimba na kupasuka, mengine humeguka pembeni, na mengine yana madini magumu katikati ya sehemu laini, ukisugua sana yanatokeza kama vifundo. Mzee Kaonga alikuwa anafumba macho wakati wa kusugua. Alisema mlio wa jiwe kwenye sahani ndio unaomwambia lini ahamie unga mwingine, na nilipojaribu kufumba macho nikasugua kidole changu.

Nakumbuka kidonge cha kwanza kilichotoka sawa. Alikiweka chini ya hadubini, akadondosha tone la mafuta juu yake, akaniambia nichungulie. Nilitazamia kuona weusi. Nikaona rangi za kijivu zaidi ya ninavyoweza kuzitaja, na katikati yake vyumba vidogo vidogo, safu kwa safu, vyenye kuta.

“Hizo ni nini, Mzee?”

“Huo ulikuwa mti. Bado una vyumba vyake.”

Nililia, sioni haya kuandika. Nilikuwa nimeacha nyumba na kila kilichokuwamo, na hapa kulikuwa na mti uliozikwa kabla hajazaliwa mtu yeyote duniani, na vyumba vyake bado viko. Mzee Kaonga alijifanya anatafuta kitambaa. Alikuwa mtu wa adabu hiyo.

Miaka ikaenda. Tulisugua makaa ya kaskazini mwa Malawi, tukasugua mawe yenye dhahabu ambayo hayakuwa na dhahabu, tukasugua hata kipande cha saruji ambacho watu wawili walikuwa wanashtakiana juu yake. Bwana mmoja wa Madisi alileta gunia la mawe meusi akiamini amepata mgodi wa makaa shambani kwake. Mzee Kaonga alilikagua jiwe moja kwa heshima zote, akaligonga, akalinusa, akamwambia, “Bambo, jiwe lako ni zuri sana, ila halitachemsha hata chai.” Yule bwana aliondoka ameridhika kwamba jiwe lake ni zuri. Ukarimu wa namna hiyo nimejaribu kuuiga, na mara nyingi umenishinda.

Aliyenieleza yanayotokea ndani ya makaa, kule ambako hadubini yetu haifiki, ni Tamanda, mjiolojia kijana aliyeletwa na Bwana Mbewe miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi. Binti mwembamba, mwenye sauti ya chini, mpenda karanga. Tuliongea Chichewa na Kiingereza changu cha kukopa. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Alisema kaboni ndani ya makaa imekaa kama vipande vidogo mno vya utando. Katika makaa ya kawaida vipande hivyo ni vidogo, vimekunjamana, vimeelekea kila upande, na kingo zake zimeshikilia hidrojeni na oksijeni. Joto na mgandamizo vikikaa juu yake kwa muda mrefu, hidrojeni na oksijeni hutoka kama gesi. Vipande huanza kuungana na kupanuka. Vinapangana kimoja juu ya kingine, vichache kwanza, halafu vingi. Mikunjo inanyooka. Mwisho kabisa, pale ambapo joto na mgandamizo vimetosha, unapata grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, tabaka juu ya tabaka, zote zimelala upande mmoja na zinateleza moja juu ya nyingine. Ndiyo sababu inaandika.

“Kwa hiyo hakiongezwi kitu?” nilimuuliza.

“Hakiongezwi. Vinapungua tu visivyotakiwa, na kaboni iliyobaki inajipanga upya.”

Nikafikiria gunia la vipande vya nguo chini ya cherehani yangu, vimejaa hovyo, na jora la kitambaa dukani limekunjwa likanyooka. Ni kitambaa kile kile. Niliipenda habari hiyo kupita kiasi, nikawa namsimulia mume wangu kila wikendi mpaka akaniambia yeye pia sasa ni mtaalamu wa makaa, wamwajiri.

Halafu yakaja masanduku. Yalitoka nchi jirani, mahali ambapo zamani mwamba ulioyeyuka ulipenya kando ya tabaka la makaa, ukalipasha joto polepole na kulibana. Mteja alikuwa amekata sampuli kufuata tabaka lile lile moja, kutoka mbali ambako ni makaa ya kawaida hadi karibu kabisa na ule mwamba. Alitaka kujua makaa yanaanza kugeuka wapi, na grafiti yenyewe inaanzia wapi, ili ajue pa kuchimba. Mzee Kaonga aliposikia alikwenda kuyafungua masanduku mwenyewe. Alikuwa amesugua makaa tangu ujana na amesugua grafiti pia, lakini hajawahi kuona tabaka moja likitoka huku na kufika kule.

Kwa ninyi mtakaopata kazi kama hiyo, jambo la kutazama ni hili. Unaweka kwenye hadubini vile vioo viwili vya kuchuja mwanga, kimoja mbele ya taa na kimoja mbele ya jicho, kisha unazungusha meza ndogo inayobeba kidonge. Makaa ya kawaida, uzungushe usizungushe, yanabaki na giza lake. Kaboni inapoanza kujipanga, jiwe linaanza kupepesa: likizunguka kidogo linang'aa, likizunguka tena linazimika. Grafiti hupepesa kwa nguvu hadi unashtuka. Kwa hiyo tulitarajia vidonge vyetu vipepese zaidi na zaidi kadiri tunavyoukaribia mwamba.

Vya mbali vilikaa kimya, sawa. Vilivyofuata vilipepesa kidogo, kisha zaidi, na Tamanda alikuwa anaimba kwa sauti ya chini huku anazungusha. Kisha akaja kwenye vile vya karibu kabisa, ambavyo vilipaswa kuwaka kuliko vyote. Akazungusha, wimbo ukakatika. Vilikuwa vimekufa. Giza, mzunguko mzima.

Tulivisugua upya, tukidhani uso umepakwa tope lake wenyewe, maana grafiti ni laini na hujipaka. Vikafa tena. Ukivikwaruza kwenye karatasi viliandika, lakini Tamanda alisema kuandika hakutoshi, hata masizi yanaandika. Mteja alilipia kujua mpangilio wa ndani, na hadubini ilikuwa inasema ndani hakuna mpangilio. Ama sampuli zimechanganywa, ama meza yetu haijui kazi.

Bwana Mbewe alikuja Alhamisi akasimama mlangoni bila kuketi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mteja amempa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo masanduku yanapelekwa Afrika Kusini, na kama kazi kubwa namna hii imetushinda, haoni sababu ya kuendelea na meza ya kusugulia. Atabaki na vipimo vya kemia peke yake. Alisema hayo akiwa ameelekea kwa Mzee Kaonga, lakini yalinipata mimi. Mzee alikuwa na nyumba yake na uzee wake. Mimi nilikuwa na kibali kilichofungwa kwenye meza ile.

Kesho yake, Ijumaa, nilifika nyumbani Dzaleka, nikapika, nikakaa mbele ya sahani bila kugusa nsima, ugali wa huku. Papa Aline, mume wangu, alinitazama.

“Mama Aline, chakula inapoa. We unawaza nini?”

“Patron Mbewe anasema kama ile dossier ya makaa inatushinda, anafunga meza.”

“Na kibali?”

“Kibali inakufa na meza.”

Alinawa mikono taratibu. “Basi mashini yako iko. Batu bangali banavaa nguo. Hatutakufa njaa.”

“Mi najua mashini iko.”

“Sasa unalia nini?”

“Nalia juu napenda ile kazi. Mi sikujua kama mutu anaweza kupenda kazi hivi. Nikirudi hapa, sitaona tena.”

Hakunibishia. Alisema tu, “Basi kula, urudi upigane nayo na nguvu.” Nimeishi na mwanamume huyu kwa raha kwa sababu anajua lini aache kunituliza.

Wiki iliyofuata tulibadilisha kila kitu tulichoweza kubadilisha. Unga mpya, kitambaa kipya, resini mpya, maji ya chupa. Tamanda aliwapigia waliokata sampuli, wakaapa kwamba hakuna kilichochanganywa. Mzee Kaonga alisugua kidonge kimoja mwenyewe tangu mwanzo, macho yamefumbwa, na mimi niliona kwa macho yangu kazi isiyo na dosari. Nacho kikafa.

Jumatano, tulipokuwa tumekata tamaa kiasi cha kufagia, nilimwaga vipande vilivyobaki mezani niandae vikombe vingine. Kwanza mfuko wa makaa ya mbali. Vilianguka kama makaa yanavyoanguka, kimoja kimesimama kwa pembe, kingine kwa ubavu, vingine vimebiringika hadi ukingoni. Halafu nikamwaga mfuko wa karibu na mwamba, nikaanza kuvipanga ndani ya kikombe, kila kimoja bapa chini, vizuri, kwa utulivu. Na mkono wangu ukasimama wenyewe.

“Mzee,” nikasema, “hivi mimi sivilazi. Vinalala vyenyewe.”

Alikuja. Akavikusanya kiganjani, akavirusha mezani kama mtu anayecheza karata. Vyote vililala bapa. Akavirusha tena. Vyote bapa, vyembamba, kama vipande vilivyokatwa kwa mkasi. Alitazama vya mbali, akatazama hivi, akaketi kwenye kiti changu kibovu akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika.

Tamanda alikuwa ameshaacha karanga zake. “Vimegawanyika kufuata matabaka,” alisema. “Kwa sababu sasa vina matabaka.”

“Na sisi tumevilaza kifudifudi,” Mzee Kaonga akasema, “tukavisugua juu.”

Nieleze vizuri, maana ndipo kila kitu kilipokuwa. Grafiti hupepesa ukiitazama kwa ubavu, pale unapoona kingo za matabaka yake. Ukiitazama kutoka juu kabisa, uso kwa uso na tabaka moja, haina upande wa kukuonyesha. Izungushe utakavyo, imelala tu gizani. Makaa ya kawaida humeguka kila namna, kwa hiyo ukiyatia kwenye kikombe unayaona pande zote bila kufikiri. Haya ya karibu na mwamba yalikuwa yamegeuka hasa, yakawa na matabaka, yakawa yanapasuka bapa, na kitu bapa ukikiweka chini kinalala. Kadiri yalivyozidi kuwa grafiti ndivyo yalivyozidi kutuficha. Sikumbuki kuliheshimu jiwe lolote kama nilivyoyaheshimu makaa yale siku ile.

Tatizo lililobaki lilikuwa la mikono. Vipande vile vilikuwa vyembamba na laini, na ukivisimamisha ndani ya kikombe vinaanguka kabla resini haijashika. Tamanda alijaribu kibano, kikavivunja. Mzee Kaonga alijaribu nta, ikayeyuka. Mimi nilikwenda zangu chumbani Area 36 nikarudi na kile kitambaa kigumu tunachoweka ndani ya kola ya shati. Nilikata ukanda, nikautoboa mikato midogo sambamba, nikausokota kama konokono ndani ya kikombe, nikachomeka kila kipande kwenye mkato wake, wima. Kitambaa hicho hufyonza resini na kubaki humo humo bila kusumbua. Mnaendelea kukitumia hadi leo na sasa mnajua kwa nini kabati ya maabara ina kola.

“Huyu ndiye niliyemwona sokoni,” Mzee Kaonga alimwambia Tamanda, na hakusema kwa ajili yangu.

Resini ilishika usiku kucha. Alhamisi nilikata na kuanza kusugua, na nilisugua peke yangu, kwa sababu Mzee Kaonga alisema mkono ulioanza ndio umalize. Nilienda unga kwa unga nikiosha katikati kama mwendawazimu. Nilipofika kwenye kitambaa cha mwisho nilijikuta nimefumba macho, na nikasikia alichokuwa anakisikia miaka yote: mlio wa jiwe unashuka, unashuka, halafu unabaki pumzi tu. Ndipo nikainua mkono.

Ijumaa asubuhi Bwana Mbewe aliitwa. Alikuja na funguo za gari mkononi kama mtu asiyekusudia kukaa. Tamanda aliweka kidonge cha mbali kwanza, akazungusha. Giza. Akaweka kilichofuata, kikapepesa kidogo. Kingine, zaidi. Alimwelezea kila kimoja kwa sauti yake ya chini: hapa gesi zimetoka, hapa vipande vimeanza kupanuka, hapa vinapangana, hapa bado kuna mikunjo, ona jiwe lilivyo na mawimbi. Kisha akaweka cha karibu na mwamba, akaondoka kitini, akaniambia nizungushe mimi.

Bwana Mbewe alichungulia. Nikazungusha polepole. Sikuwa naona wanachoona wao, niliona tu mwanga ukija na kuondoka kwenye shavu lake, ukija na kuondoka. Aliniashiria kwa kidole: tena. Nikazungusha tena. Funguo aliziweka mezani.

Alipoinuka, Mzee Kaonga aliomba nafasi. Alichungulia muda mrefu kuliko sote, akirudisha kidonge cha mbali, akileta cha karibu, akirudisha tena, mzee wa miaka yote ile akifanya kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Kwenye kimoja cha katikati aliniita nione. Palikuwa na kuta za vile vyumba vya mti, zimebanwa, karibu kufutika, na ndani ya kuta hizo hizo mwanga ulikuwa unapepesa. Mti ulikuwa unaondoka na grafiti ilikuwa inaingia, katika ukuta mmoja.

“Nilikuwa naamini kwa kuambiwa,” alisema. “Zikomo, Mama Aline.”

Mtu aliyenipa kazi, subira na macho ya kuona, ananishukuru mimi.

Bwana Mbewe alikuwa ameshatoa simu. Alizungumza na mteja kule nje kwa muda, akarudi amebadilika uso, akasema yako masanduku mengine, mengi, ya tabaka hilo hilo, na mteja anataka yote yafanyiwe hivi hivi. Kisha akanigeukia, kwa haraka zake zile zile. “Mama Aline, wiki hii usiende kambini. Tuanze kesho.”

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Ningesema ndiyo kwa lolote siku ile. Lakini Mzee Kaonga alitangulia, bila kuinua jicho kwenye hadubini.

“Ataenda kwa mume wake na binti yake. Haya mawe yamesubiri tangu kabla ya watu. Yatasubiri Jumatatu.”

Bwana Mbewe akatazama mawe, akanitazama, akacheka. “Haya. Jumatatu, basi.”

Jioni ile nilishuka kwenye kabaza mbele ya nyumba yetu, na Papa Aline alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuuliza. Nikamwambia, “Jumatatu narudi ku kazi.” Akaingia ndani akafunika cherehani, aliyokuwa ameshaitia mafuta iningoje.